Miezi Thelathini na Moja ya Dokta

Jina lake la kuzaliwa lilibaki nyumbani, kwa mama yake na kaka yake. Mtaa ulimwita Bahasha, na kwa miaka minane jina hilo lilikuwa sifa, kabla halijageuzwa kamba ya kumfunga nayo.

Alikuwa binti muuzaji wa duka la dawa la pale kwenye kona, katikati ya kinyozi na duka la rangi. Vidonge alivihesabu vitano vitano kwa kisu cha plastiki juu ya sahani, akavitia kwenye bahasha ndogo za karatasi, kisha akaandika juu yake kwa wino mweusi, kwa mwandiko mkubwa ambao hata mzee aliyesahau miwani nyumbani aliusoma. 1x3: kimoja, mara tatu kwa siku. 2x2: viwili, mara mbili. Asiyejua kusoma alichorewa jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi. Watu walikuwa wanapita maduka mawili yenye feni na milango ya vioo ili waje kuandikiwa na Bahasha.

Mwenye duka aliitwa Dokta. Hakuwa daktari, wala mfamasia. Alikuwa ameuza mbao miaka kumi na mitano hadi alipogundua kwamba kidonge ni chepesi kubeba kuliko ubao na faida yake ni nzito. Akanunua koti jeupe, akachomeka kalamu mbili mfukoni, akaanza kuwauliza watu wanaumwa wapi. Sheria ilitaka duka liwe na mfamasia. Duka lilikuwa na fremu yake. Ukutani kilining'inia cheti cha mfamasia mmoja aliyeishi mji mwingine kabisa, ambaye mara moja kwa mwezi alikuja kuchukua kodi ya cheti chake, akanywa soda akiwa amesimama, akaondoka bila kugusa hata chupa moja ya dawa ya kikohozi.

Tatizo la Dokta lilikuwa mkono wake. Kwenye mbao alizoea kuandika idadi kwanza na kipimo baadaye, na huko kwenye dawa aliendelea hivyo hivyo: mara kwanza, vidonge baadaye. Kimoja mara tatu kwa siku, yeye aliandika 3x1. Bahasha alimwambia wiki ya kwanza tu.

"Dokta, mtu atasoma tatu mara moja. Atameza vitatu kwa mkupuo."

"Tatu mara moja ni ngapi?"

"Tatu."

"Na moja mara tatu?"

"Tatu, lakini…"

"Hesabu hukusoma? Jibu ni lile lile. Nenda kafute vumbi."

Alifuta vumbi. Na kuanzia siku hiyo kila bahasha aliyoiandika Dokta, yeye aliichukua kimya kimya, akahamishia vidonge kwenye nyingine, akaandika inavyostahili. Miaka minane. Hakuna aliyejua. Mtaa mzima ulizoea kusoma mkono mmoja, na Dokta akazoea kuamini kwamba hakosei.

Siku ilipofika, Bahasha hakuwepo. Alikuwa ametumwa kwa muuzaji wa jumla kufuata katoni. Aliyekuja dukani alikuwa Mama Fundi, mshona nguo wa barazani ng'ambo ya barabara, kuchukua vidonge vipya vya presha alivyoandikiwa hospitali. Dokta akamhudumia mwenyewe. 3x1. Mama Fundi, ambaye kwa miaka minane hakuwahi kutiwa shaka na bahasha ya duka lile, akasoma kama alivyofundishwa na mkono wa Bahasha: vitatu, mara moja. Akavimeza vyote na maji ya glasi moja, akarudi kwenye cherehani yake. Presha ilishuka kama ndoo iliyokatika kamba. Alianguka kutoka kwenye kigoda, na mkono wa kulia ukapigwa na gurudumu la chuma la cherehani, ukavunjika kifundoni.

Bahasha alirudi na katoni kichwani akakuta watu wamejaa hadi kwa kinyozi. Binti wa Mama Fundi alikuwa mbele kabisa, ameishika ile bahasha ya karatasi juu.

"Nani kaandika hii?"

Dokta aliichukua kutoka mkononi mwake kwa upole, kama daktari wa kweli, akaitazama, akaitia kwenye mfuko wa koti lake. Kisha akageuka.

"Jamani, hapa dukani bahasha anaandika nani?"

Hakuhitaji kujibu. Watu walijibu wenyewe. Walilitaja jina la Bahasha kwa pamoja, kama darasa linalojibu mwalimu.

"Sikuwepo!" Bahasha alisema. Katoni ilikuwa bado kichwani. "Dokta, si umenituma wewe? Sema nilikuwa wapi!"

"Mwanangu, kosa likitokea tunakiri, tunasamehewa, tunaendelea."

"Ni mkono wako ule! Itoe waione!"

Hapo Dokta akapandisha sauti, maana aliona watu wameanza kutazamana. "Nisikilizeni. Bahasha ni karatasi. Inatiwa kitu na mwenye akili. Yenyewe ni tupu. Huyu nilimwokota hajui hata kutofautisha shurubati na dawa ya meno. Na wewe Bahasha, ukitaka kubishana na mimi mambo ya dawa, nenda kasome kwanza. Tuone ni chuo gani kitakupokea."

Kuna mtu alicheka. Bahasha hakujua ni nani, na baadaye alijuta sana kwa kutogeuka kumwangalia, maana angependa kumweka kwenye orodha yake ya kisasi. Aliitua katoni chini, akavua koti la kazi, akalikunja vizuri, akaliweka juu yake. Hakulia hadi alipofika nyumbani, na hata huko alilia kwa dakika chache tu. Kisha akaomba kalamu.

Mama yake alidhani anataka kuandika barua ya kuomba radhi. Alikuwa anapiga hesabu.

Kwa miaka minane alikuwa ameweka theluthi ya mshahara wake kila mwezi. Ukijumlisha fedha zote zilizokuwa benki, zilikuwa sawa na mishahara ya miezi thelathini na moja. Tangu siku hiyo hakutaja tena fedha kwa jina lake. Kila gharama aliipima kwa miezi ya Dokta. Friji ilikuwa miezi miwili. Viatu vya mama vilikuwa wiki moja ya Dokta. Kaka yake, fundi wa kuchomelea mageti, alimtazama akiandika, akavuta kiti.

"Sasa mpango ni upi, dada?"

"Nasomea famasia. Nikimaliza nitasimama mbele yake na cheti changu, nimmalize."

"Kummaliza kivipi? Utamning'iniza yeye au cheti?"

"Vyote viwili."

Kaka alicheka, lakini aliona dada yake hacheki.

Chuo cha kwanza kilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro. Bango lake lilisema MIEZI KUMI NA MINANE TU, na hilo "tu" lilimvutia Bahasha kuliko maneno mengine yote, maana aliona namna Dokta asingepata hata muda wa kuzeeka. Msichana wa mapokezi alikuwa anatafuna ubani.

"Karibu dada. Hapa hata aliyefeli anafaulu."

"Ada?"

Ilikuwa miezi ishirini ya Dokta, kozi nzima. Ingebaki kumi na moja ya kuanzia duka. Bahasha alihisi damu inachemka kwa furaha. Akaomba kuona maabara. Alipelekwa chumba chenye mzani usio na mawe yake na kabati la chupa. Akafungua chupa moja ya vidonge vya kutuliza maumivu, akanusa. Siki. Muuzaji yeyote wa duka la dawa anajua kidonge kile kikinuka siki kimekwisha kufa.

"Hivi ndivyo mnavyofundishia?"

"Hivyo ni vya kuangalia tu, dada, siyo vya kula."

"Na waliomaliza hapa, baraza la wafamasia limewasajili wangapi?"

Ubani ulisimama. "Usajili uko kwenye mchakato."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze kazi mimi hapa. Miaka minne."

Kwenye ngazi Bahasha alipishana na vijana wanne waliopanda wakibeba bahasha za kaki za vyeti vyao vya sekondari, wamevaa vizuri kama watu wanaokwenda kupigwa picha. Alisimama akawaambia aliyoyaona. Wawili walimshukuru wakageuka. Wawili walimwambia ana wivu. Alishuka amekasirika upya, na hasira hii ya sasa ilikuwa na watu wengi ndani yake, siyo Dokta peke yake.

Chuo cha pili kilikuwa na geti, maua na mlinzi anayepiga saluti. Ofisa udahili, bwana wa tai, alimpa karatasi ya gharama yenye mistari thelathini na mbili. Ada ilikuwa mstari mmoja. Chini yake kulikuwa na mchango wa ukarabati, mchango wa maktaba, ada ya kitambulisho, ada ya kupoteza kitambulisho inayolipwa kabla hujakipoteza, fulana ya michezo. Bahasha alijumlisha palepale pembeni mwa karatasi. Miezi kumi na minne kwa mwaka. Kwa miaka mitatu, arobaini na miwili.

"Unaweza kulipa kwa mafungu," bwana wa tai alisema.

"Mafungu mangapi ni bure?"

Bwana wa tai akatabasamu. "Lakini mafunzo yetu ya vitendo ni ya uhakika. Tuna maduka washirika ambako mnafanya kazi miezi sita, bila usumbufu wa mshahara." Akamgeuzia orodha.

Duka la tatu kwenye orodha lilikuwa la Dokta. Jina lake lilikuwa limeandikwa pia juu, kwenye kamati ya walezi wa chuo.

Kwa hiyo angelipa miezi arobaini na miwili ya Dokta ili arudi kumfutia Dokta vumbi bure. Alimrudishia bwana wa tai karatasi yake, akaomba maji ya kunywa, akaondoka. Mlinzi alimpigia saluti tena.

Wiki hiyo hiyo Dokta alikuja nyumbani. Alivua viatu mlangoni, akamsalimia mama kwa unyenyekevu wa kupitiliza, akakaa kwenye ukingo wa kochi. Alikuja bila koti jeupe, na bila hilo koti alionekana kama alivyokuwa, muuza mbao mwenye wasiwasi.

"Mama, nimekuja kama mwanao. Watoto wa mshona nguo wanataka nigharamie mkono wa mama yao, na kazi aliyopoteza. Wanazungumzia mahakama. Sasa mimi nasema, kwa nini tuumizane? Huyu binti ana kiu ya kusoma. Nimesikia amefika pale kwenye chuo ambacho mimi ni mlezi. Nitamlipia. Miaka mitatu yote, hadi fulana."

Mama aliinua uso. "Yote?"

"Yote, mama. Ninachoomba ni sahihi yake tu hapa." Akatoa karatasi iliyopigwa chapa. "Kwamba bahasha ile aliiandika yeye kwa bahati mbaya. Yeye hana mali, hawatamfanya kitu. Watachoka, wataacha."

Huko uani mashine ya kaka ilikuwa inakata chuma. Bahasha alisoma karatasi yote, mpaka mwisho. Miezi arobaini na miwili ilikuwa imelala mezani. Angeweza kuwa mtaalamu wa dawa bila kutoa hata mwezi wake mmoja. Ila kwa kila atakayemwandikia dawa maisha yake yote, angekuwa mtu aliyesaini kwamba mkono wake ndio uliomlemaza Mama Fundi.

"Dokta," alisema, "umeandika hapa 'kwa hiari yangu'."

"Ndiyo, ni lugha ya kisheria."

"Na tarehe umeweka ya siku ile ile ya ajali."

"Ili mambo yakae sawa."

"Unajua kuandika vizuri kumbe, ukiwa na shida."

"Binti, usiwe na kiburi. Nakupa maisha."

"Mama," Bahasha akamgeukia mama yake, "mwambie mgeni viatu vyake viko wapi."

Mama hakumwambia. Mama alilia. Alimsihi, mbele ya mgeni, kwa jina lake la kuzaliwa. "Mwanangu, wewe ni nani wa kukataa chuo? Saini. Watu watasahau."

"Mimi sitasahau. Na nitahakikisha na yeye hasahau."

Dokta alivaa viatu vyake vibaya, cha kushoto kulia, akalazimika kuinama tena mlangoni. Bahasha alisimama akamtazama hadi alipomaliza kamba zote.

Kilichobaki kilikuwa chuo cha serikali, safari ya basi ya siku moja na nusu. Fomu zake zilikuja kwa posta, karatasi nyembamba, herufi zimefifia. Bahasha na kaka yake walizitandaza juu ya kitanda. Ada, bweni na chakula: miezi tisa kwa mwaka. Kwa miaka mitatu, ishirini na saba. Nauli ya kuja nyumbani na kurudi kila likizo kubwa, mwezi mmoja kwa mwaka. Koti, vitabu na mitihani, miezi miwili.

"Thelathini na miwili," kaka alisema. "Una thelathini na moja. Mmoja tutautafuta."

Lakini Bahasha kidole chake kilikuwa kimesimama kwenye mstari wa kumi na saba. Mafunzo ya vitendo, mwaka wa tatu. Mwanafunzi achague moja: (a) hospitali, bila gharama, (b) idara ya ukaguzi wa maduka ya dawa, mwanafunzi atajigharimia nauli na malazi. Gharama ilikadiriwa pembeni. Mwezi mmoja na nusu.

Alisoma mara mbili. Kisha akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye kitanda, akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya katoni.

"Chagua hospitali," kaka alisema upesi, maana alimjua. "Ni bure."

"Nachagua ukaguzi."

"Dada, watu wanalipwa kuwa askari, wewe unalipia?"

"Hata kama ingekuwa miezi kumi."

"Thelathini na mitatu na nusu! Utaitoa wapi?"

Alichukua kalamu, akafuta nauli za likizo mbili. Angekwenda mara moja na kurudi mara moja. Ilibaki thelathini na moja na nusu.

Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliiona ile kalamu ikifuta. "Kwa hiyo huyo Dokta ndiye atakayenifanya nisikuone miaka mitatu."

"Ndiyo, mama. Na hilo nimemwandikia deni pia."

"Watasema umekimbia."

"Waseme."

Kaka alitoa ile nusu iliyobaki. Alisema ni mkopo, akasema pia kwamba riba yake ni kusimuliwa kila kitu, hadi sura ya Dokta ilivyokuwa.

Mtaa ulisema amekimbia. Mama Fundi, mkono umefungwa plasta, alilisema kwa sauti kuliko wote, na watoto wake, bila bahasha na bila sahihi, waliiacha kesi kwa sababu hawakujua wamshike nani.

Miaka mitatu Bahasha alisoma kama mtu anayenoa kitu. Wenzake walikwenda nyumbani likizo, yeye alibaki bwenini na godoro moja na kitabu cha sheria ya dawa, ambacho alikijua kwa vifungu. Mwalimu wa sheria alimuuliza siku moja kwa nini anapenda sana sura ya adhabu. Alijibu kwamba zile nyingine alikuwa amezimaliza. Picha ya mama aliibandika ndani ya mlango wa kabati. Kwenye simu mama alizidi kuwa na sauti ndogo, na kila akikata simu Bahasha aliongeza kitu kwenye lile deni asilomdai mtu mwingine yeyote ila mmoja.

Mwaka wa tatu alichagua (b), na kwenye nafasi ya eneo akaandika mji wake.

Mkaguzi aliyepangiwa naye alikuwa mama mfupi wa sauti ya chini, mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye. Asubuhi ya kulikagua duka la Dokta alimpa Bahasha fomu. Swali la nne liliuliza kama mwanafunzi ana undugu, urafiki au aliwahi kuajiriwa na mwenye duka. Bahasha aliishikilia kalamu muda mrefu. Akiandika hapana, angeingia, angefungua kabati zile kwa mkono wake mwenyewe mbele ya macho ya Dokta. Miaka mitatu alikuwa ameota hilo. Lakini alikijua kitabu cha sheria. Hapana moja ya uongo, na wakili yeyote mwenye njaa angeufuta ukaguzi mzima kabla ya mwisho wa wiki. Aliandika ndiyo, miaka minane, hadi karatasi ikatoboka.

Mkaguzi alisoma. "Miaka minane. Basi wewe hutaingia. Utakaa nje, na sitaki kukuona ukivuka mlango."

"Sawa, mama."

"Hujaniambia chochote cha duka hilo, na mimi sikuulizi." Akafunga mkoba. "Nina macho yangu."

Bahasha alikwenda kukaa ng'ambo ya barabara, barazani kwa Mama Fundi, kwa sababu hapakuwa na sehemu nyingine inayotazamana na mlango ule. Cherehani haikuwepo. Mama Fundi sasa aliuza nyuzi na vifungo, mkono wa kulia umepinda ndani kama kijiko. Alimtambua.

"Una ujasiri," alisema.

"Shikamoo, Mama Fundi."

Hakuitikia. Bahasha alivuta kigoda bila kukaribishwa, akakaa. Mlango wa duka ulikuwa wazi, na sauti ya Dokta ilisikika hadi huku.

"Karibu mkaguzi! Utakunywa chai gani?"

"Nimeshakunywa. Mwenye hiki cheti yuko wapi?"

"Ametoka kidogo."

"Mpigie arudi. Nina saa mbili."

Saa mbili zilikwisha. Mfamasia wa ukutani alikuwa umbali wa saa saba kwa basi, na simuni alikiri kwamba hana uhakika duka lina milango mingapi. Mkaguzi hakuhitaji hata kufungua kabati, ingawa alizifungua. Zilitoka katoni nne za dawa zilizopitwa na muda. Kisha mlango wa chuma ukashushwa, karatasi ya serikali ikabandikwa kwenye kufuli: duka halitafunguliwa hadi liwe na mtaalamu wake. Bahasha alitazama kila kitu bila kupepesa. Alijilaumu kwa jambo moja tu, kwamba hakuja na kaka yake.

Dokta alimwona. Alivuka barabara na koti lake jeupe, akasimama mbele ya baraza. Kinyozi alizima mashine.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Mimi nimekaa tu, Dokta. Sijatia mguu dukani kwako."

Alidhani atatukanwa. Lakini Dokta alikuwa mfanyabiashara kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Aliangalia kufuli, akamwangalia yeye, akateremsha sauti. "Unamaliza lini?"

"Miezi miwili."

"Utapata cheti chako."

"Nitapata."

"Kitundike kwangu. Hata kuja usije. Yule mjinga namlipa, wewe nitakulipa mara mbili yake. Binti, tuache utoto."

Bahasha alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi kwa miaka mitatu, lakini hili hakulitegemea. Kisha akasema, kwa utulivu ambao yeye mwenyewe aliushangaa, "Nitafikiria. Ila kuna kitu nataka kwanza. Mwambie Mama Fundi ile bahasha iliyomvunja mkono aliiandika nani."

"Sasa hayo ya zamani…"

"Basi nenda. Duka limefungwa, huna haraka."

Hesabu ilimpita Dokta usoni waziwazi: siku za kufuli, dawa zinazosubiri ndani, wateja wanaohamia kwenye vioo na feni. Alipomaliza kuhesabu alimgeukia Mama Fundi, akasema kama mtu anayetaja bei. "Mama, niliandika mimi. Ilikuwa bahati mbaya ya kazi. Yeye nilikuwa nimemtuma kwa muuzaji wa jumla." Akamrudia Bahasha. "Haya. Tumeelewana?"

"Nilisema nitafikiria. Nimefikiria. Hapana."

"Unasemaje?"

"Sikukodishii, Dokta. Wala wiki hii, wala mwaka huu, wala ukifa wakaja wanao kuniomba. Na kila atakayehitimu chuoni kwetu nimeshamwambia jina la duka lako."

Mama Fundi alikuwa ameshasimama. Vifungo vilimwagika kutoka mapajani, vikatawanyika barazani hadi barabarani, hakuviangalia.

"Miaka mitatu," alisema. "Miaka mitatu nimemtukana mtoto wa watu, na leo nimemnyima salamu yangu!" Akamkamata Dokta ukosi wa koti kwa mkono wa kushoto, ule mzima, akausokota. "Kinyozi! Umesikia? Wa rangi, umesikia? Njooni mseme mmesikia!"

"Mama, niachie, nguo itachanika."

"Ichanike, nani ataishona? Mimi?"

Kinyozi alikuwa anakuja, na wateja wake wawili, mmoja akiwa amenyolewa nusu. Dokta alimtazama Bahasha kama anayeomba amsaidie kumbandua huyu mama.

Bahasha alisogeza kigoda pembeni kidogo, ili mtu mwenye kichwa nusu asimkinge, aone vizuri.